Kigutu

Pasaka alizaliwa mwezi wa Juni, si Pasaka,
lakini mvua ilikuwa imetukimbia na tulitaka jina
lenye kufufua kitu.
Mtamba mwekundu, paji jeupe,
mkia mrefu wa kufika kwenye kwato,
na nchani shungi jeusi, usinga mtupu.

Hapa Msabaha nilikuwa na ng'ombe watano, madumu mawili,
na mteja mmoja: Renzo wa jibini, kutoka Malindi mjini,
aliyevaa glavu hata kuhesabu noti.
"Mkia," akasema, "unarusha kinyesi kwenye kiwele."
Akanipa pakiti ya pete za mpira, kijani,
ndogo, hata kidole changu cha mwisho kingezikataa.

Mkia niliushika mimi. Naliandika hili
kabla sijamlaumu mtu mwingine.
Thoya wa dawa za kupe aliipanua pete kwa koleo,
akaiachia, ikakaa kimya
kama posa iliyokubaliwa na wazee bila kumwuliza msichana.
Hapakutoka damu. Ndipo nikasema: haumii.

Siku tatu hakulalia ubavu wake wa kawaida.
Alikula, akaacha, akageuka kuangalia nyuma,
kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa uani.
Wiki ya nne mkia ulianguka kwenye majani ya nepia,
mkavu, mwepesi.
Mbwa wa Nyevu akaubeba.

Sasa ni mwaka wa tano.
Kigutu kimepona, ukikitazama.
Lakini kiguse, kwa kitambaa tu, kwa maji ya uvuguvugu:
mgongo unajikunja, mguu unapiga ndoo,
lita sita zinaenda kwa kuku.
Thoya amerudi kutoka semina ya Kilifi na maneno mapya.
Mishipa ya fahamu ikikatwa haikubali kufa, anasema;
huota tena gizani, hujisokota fundo
ikitafuta ncha ambayo haipo.

Mimi sikuhitaji semina. Ninaye Mwaringa.
Mashine ya chumvi kule Gongoni ilimla vidole viwili,
na usiku huniamsha nimkune
kile cha kati, kilichozikwa.
Nami hukuna hewa. Hukuna mpaka alale.
Pasaka nitamkuna wapi?

Halafu nzi.
Mvua ikikatika wanakuja kama wageni wa matanga,
na wanajua nyumba ipi haina mlango.
Wenzake wanne hupiga kushoto, kulia, hata hawafikiri.
Yeye huinua kigutu,
nusu ya neno, kigugumizi,
kisha hukanyaga, hutetemesha ngozi, hurusha kichwa,
na kucheua kunakatika katikati.

Renzo alipima maziwa mwaka mzima,
ya wenye mikia na ya asiye nao, chupa kwa chupa.
Hakuona tofauti.
Aliniambia hivyo akiitazama friji.
Kumbe mkasi wa fundi cherehani ungetosha,
kupunguza shungi,
na tambara, na maji.

Ng'ombe haelemewi na nunduye;
nani alituambia ataelemewa na mkiawe?
Na yule aliyekula ng'ombe mzima akashindwa na mkia,
tulimcheka.
Sisi tulianza na mkia.
Ng'ombe mzima ndiye anayetushinda.

Siku hizi binti yangu Jumwa anakamua,
mimi nasimama nyuma na kipepeo cha ukindu.
Majirani wanauliza kama nampepea bibi harusi.
Nawaambia ndiyo.

Juzi amezaa, jike.
Niliinama nikaupima mkia kwa shubiri: mbili na kidogo.
Pete zilizobaki nimefungia vifuko vya mbegu za mchicha.
Ndama akasimama, akayumba,
akanichapa usoni kwa mkia ule mbichi, uliolowa.
Sikujifuta.