Mkono wa Kushoto

Chini ya mstari wa maji, kati ya dobi na jokofu la samaki,
kuna meza moja ya kijani, mguu mmoja umefungwa waya.
Juu yetu wageni elfu mbili wamelala,
vitabu vya nyangumi vimewaangukia vifuani.
Sisi, saa saba ya usiku ndiyo adhuhuri yetu.

Wavu ni pazia la chumba mia nne na kumi na mbili
lililogoma kuachia doa la mvinyo.
Nililikata mwenyewe, mimi Wilmer Zúniga,
mtu wa La Ceiba, mpiga pasi wa mashuka.
Yeye ni Rodelio, mtu wa Iloilo, mwosha masufuria,
kichwa chake kinanifika begani
na bado ananitazama kutoka juu.

"Mpira baadaye," alinifundisha. "Kwanza isome meli."
Atasubiri wimbi la Alaska liinue upande wake,
ndipo auachie mpira uteremke wenyewe
kama mtoto aliyekalia kipande cha boksi mlimani,
nami nabaki naupiga upepo.

Tuliandika ndani ya mlango wa kabati langu
kwa kalamu ya kutia mashuka alama, ile isiyofutika:
Rodelio 143. Wilmer 38.
Ketut, mwamuzi wetu, hakunihurumia hata pointi moja.
"Baharini hakuna sadaka," husema, tambi zimemjaa mdomoni.

Tulipotoka Ketchikan, mvua ikinyesha kama mwenye nyumba,
akashika raketi kwa mkono wa kushoto.
"Nimechoka kukushinda. Leo nakupa nafasi."
Wakacheka wote, hata Zdravko wa mitambo, asiyecheka.
Nikashinda ishirini na moja kwa tisa.
Nikashinda tena.
Ushindi ule ulikuwa na ladha ya maji yaliyochemshiwa mayai.

Dobi huambiwa na nguo yasiyosemwa na mwenye nguo.
Sare yake, upande wa kulia: mafuta ya kuchua,
uzi wa bendeji umenasa kwenye kifungo.
Kisha siku moja nikakiona kifundo chenyewe,
kimeumuka kama unga uliotiwa hamira.
Kwenda kwa daktari ni kupimwa,
kupimwa ni kurudishwa kwao kabla mkataba haujaisha,
na bintiye yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi.
Basi alijikaza kisabuni,
na mimi, mwenye sabuni ya meli nzima, nikanyamaza.

Hatukukaa kikao.
Ila kila saa tano ya usiku Ketut alianza kupotea njia,
akitokea jikoni, akiinua sufuria kuu la supu
kana kwamba amelirithi.
Zdravko akaunda kigari cha magurudumu manne,
akasema ni majaribio tu.
Nami nikawa napeleka mipira kushoto kwake,
taratibu, halafu kwa kasi, halafu bila huruma,
mpaka mkono ule nao ukajua kuisoma meli.
Usiku wa Skagway ukanichapa ishirini na moja kwa kumi na tisa.
Nilitukana kwa Kihispania, kwa furaha.

Lakini zile nilizoshinda mimi sikuziandika mlangoni.
Niliona ni deni, si mali.

Vancouver, Septemba, akashuka na sanduku moja
na mfuko wa chokoleti.
Tulikumbatiana vibaya, bega kwa bega,
mikono yangu imejaa mashuka ya wageni wapya.
"Tazama mlango wako," akasema.

Nilipata nafasi usiku tu.
Mwandiko umelala upande,
herufi zinapepesuka kama mtu siku yake ya kwanza melini:
Wilmer 55.
Na chini, kwa udogo: *nilikuwa nahesabu.*

Sasa kwenye masufuria kuna kijana, Thiha, wa Mawlamyine.
Jana alisimama mlangoni, akauliza kama meza ina mwenyewe.
Nikampa raketi.
Akauliza, nishike kwa mkono gani?
Nikamwambia, wowote.