Kitundu cha Mfuniko

Ilizima Mnyambe,
ikazima tena kabla ya Kitangari,
gunia la korosho mgongoni mwake, mnada kesho,
nami napiga kiki hadi goti likagoma.

Nikampigia fundi Likwati. Anza na moto, akasema.
Nikachomoa plagi, nikailaza juu ya kichwa cha injini,
kiki:
cheche ikaruka, ya buluu, kavu kama kofi.
Basi umeme hauna kesi.
Na ile koili niliyoinunua Jumanne kwa elfu thelathini
ilikuwa sadaka.

Haya, nenda kwenye mafuta.
Nikalegeza skrubu chini ya kabureta.
Tone. Tone. Halafu kimya.
Hapo nikamkumbuka Mchopa, muuza petroli ya chupa,
ambaye asubuhi, mbele ya wateja wake,
nilimwita mwizi, mbatiza mafuta.

Yale matone nilikuwa nimeyakinga kiganjani.
Yakanukia, yakapoza ngozi, yakapaa.
Hayakuacha hata unyevu wa machozi.

Fungua mfuniko wa tangi, akasema Likwati.
Nikafungua.
Fsss,
tangi likavuta pumzi kama mtu aliyeibuka majini,
na huko chini mafuta yakaanza kumwagika.

Nyigu.
Nyigu mmoja na udongo mwekundu wa Newala,
kaona kitundu cha upana wa sindano
kajenga.

Nikakizibua kwa mwiba.
Injini ikashika kiki ya kwanza.

Nikageuza, na gunia langu, kurudi Mnyambe kwa Mchopa,
njia nzima natafuta pa kuanzia:
moto,
au mafuta.