Mkanda Namba Tatu

Saa kumi na mbili asubuhi. Łódź bado imelala
kwenye giza la Januari. Mkanda unakohoa, kisha unatembea,
nami nasimama mahali pangu, glavu juu ya glavu,
kuusoma mji kwa vidole.

Naujua mji huu kuliko posta inavyoujua.
Najua nani ameacha sigara na nani ameirudia.
Najua siku sikukuu ilipoisha:
mti wa plastiki, umekunjwa mara mbili,
taa zake bado shingoni.

Watu si wabaya. Nataka hilo lieleweke.
Mtu mbaya hutupa popote, akaenda zake.
Hawa husimama mbele ya mapipa,
bluu, manjano, kijani, kahawia,
na lile jeusi la majuto,
wakikigeuza kitu mkononi kama barua ya mahakama,
kisha hukitia palipo na nafasi,
wakisema moyoni: huko mbele wataelewa.

Huko mbele ni mimi.

Ndiyo maana naletewa nepi.
Ndiyo maana naletewa pasi ya umeme, kiatu kimoja,
boksi la piza lenye jibini iliyoganda kama nta,
na siku moja mfuko wa manjano uliofungwa kwa utepe,
ndani yake njiwa aliyekufa, amefunikwa leso.
Teofil aliusimamisha mkanda. Hakuna aliyecheka.
Aliyemtia humo alitaka, nadhani,
arudi akiwa kitu kingine.

Mwezi wa tatu nikaalikwa shuleni.
Nilivaa sketi. Nilibeba gunia la taka
nilizoziosha mwenyewe usiku, kama vyombo vya wageni.
Nikainua kopo la mtindi: hili linakwenda wapi?
Darasa likawa soko.
Mmoja akasema bibi yake hulipandia miche.
Mwingine akasema, baba anasema kazi bure,
yote huishia lori moja.
Mwambie baba, nikamjibu, aje siku moja asimame nami,
nitamwazima glavu.

Kisha nikawapa ubeti niliotunga kwenye tramu:

*Mwaga kilichosalia, kopo lisinuke mbele,*
*Sitie kwa kudhania, dhana huzua kelele,*
*Hujajua, ulizia, mjinga si wa milele,*
*Na mkono wangu pia utasalimika kule.*

Waliusema mara tatu, mara ya tatu kwa kupiga madawati.
Nikajiona profesa.

Ndipo Jagoda, wa dirishani, mwenye jino linalotikisika,
akauliza: na risiti ya dukani?

Karatasi, nikasema. Pipa la bluu.
Nilisema kwa sauti ya miaka tisa kazini.

Jioni, nikisubiri zamu, nikalisoma bango
lililobandikwa mlangoni tangu nilipoajiriwa,
lile ninalolipita nikifungua zipu ya koti.
Mstari wa saba, herufi ndogo:
risiti zile laini, zinazofifia juani,
zina dawa ndani yake. Si karatasi. Pipa jeusi.

Miaka tisa.
Miaka tisa nimekuwa nikizitia kwenye bluu
kwa kiburi cha mtu anayejua,
na mwenzangu fulani, kwenye mkanda mwingine,
amekuwa akiniokota.

Nilimwandikia mwalimu barua. Mwambie Jagoda nilikosea.
Mwambie aliuliza vizuri kuliko nilivyojibu.

Mkanda haukubadilika. Nepi zinakuja.
Jana lilipita kopo moja la mtindi, safi, limekauka,
nikalishika muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa
hata Teofil akaniuliza, una nini?
Sikuwa na la kumjibu.

Lakini nikitoka dukani na risiti mfukoni,
nikifika uani penye mapipa,
mkono bado unaelekea bluu wenyewe,
na inanibidi niuite,
kama mama anavyomwita mtoto
aliyekwisha kuweka mguu mmoja barabarani.