Mvua ya Juzi

Barabara nyingi sijazikanyaga. Zimenijia
zikiwa zimebebwa ndani ya pikipiki za watu,
zikaingia kibandani kwangu hapa Maweni
bila hodi, zikalala ubavu juu ya gunia.

Ile ya kwenda Sala naijua kwa kichujio cha hewa:
nakifungua, namwaga kikombe kizima cha vumbi jekundu,
na mwanangu husema, mama, tupande kunde humu.

Ya Gongoni huja na meno. Chumvi imeila cheni
hata ikizunguka unadhani
kuna mtoto wa paka amebanwa kwenye spoketi.
Naiosha kwa mafuta ya taa, naipaka girisi,
wiki mbili baadaye imerudi, inacheka kwa kutu.

Ya Marafa hupinda rimu. Thoya huapa,
"Ni jiwe moja, dada, jiwe moja tu!"
Ni jiwe lilo hilo tangu mwaka juzi,
na kila mara palikuwa na mbuzi.

Lami ya Watamu hainiletei kazi,
ila tairi lililolika katikati,
laini kama kisigino cha tajiri.
Vijana wanaipenda: unalalia tangi, unafungua mkono,
Gede inapita kama neno lililosemwa haraka.
Mimi siiamini barabara isiyokuuliza swali.
Siku ikiuliza, huuliza mara moja.
Ipo helmeti nyekundu pale kwenye msumari,
hakuna aliyerudi kuichukua. Sikuambii zaidi.

Ukitaka kujua niipendayo,
ni fupi, iko nyuma ya uwanja wa ndege,
kilomita moja na robo ya murramu
iliyonyeshewa juzi. Si jana:
ya jana ni utelezi. Si wiki iliyopita:
hiyo imeshakuwa unga.
Mvua ya juzi. Hapo udongo umekaza
kama ugali uliosongwa na mtu mwenye hasira,
na tairi linakwenda likikubali, ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Kila ninachokitengeneza hukijaribia pale.
Gia ya kwanza hadi kwenye ua wa minyaa,
ya pili, ukuta wa Mtaliano aliyeishiwa pesa,
ya tatu nafunga mdomo kwa ajili ya wadudu,
ya nne haina nafasi, kuna kona
na kuku wa Mbeyu wasiojua sheria.
Siangalii mandhari. Nasikiliza:
vali, klachi, bringi ya nyuma,
kama daktari aliyebebwa mgongoni na mgonjwa wake.

Miaka kumi na moja ya spana,
na sijawahi kumiliki hata ya mkopo.
Hii ya bluu ni ya Chengo, aliyekwenda Doha
akaniachia ufunguo: "Iwashe kila Jumapili, Nyevu,
isije ikasahau." Hakusema niiendeshe.
Jumapili ya kwanza niliiwasha, nikasimama kando
na kitambaa mkononi, kama mgeni.
Ya pili niliikalia tu.
Ya tatu, mvua ilikuwa imenyesha juzi.

Nilimwambia mwenyewe. Sikuweza kuficha,
maana kilomita zinahesabika pale kwenye kioo.
Alinyamaza, nikajua nimeharibu.
Kisha akauliza, "Ulipita wapi?"

Tangu hapo hupiga simu mwisho wa mwezi,
nyuma yake viyoyozi vinanguruma,
na kabla hajauliza habari za mamake
huuliza: barabara ikoje?
Namweleza shimo jipya, pale ukuta unapoishia,
pana kama sinia, maji bado yamo.
Pita kushoto, karibu na minyaa,
usiguse breki ya mbele.
Basi tunanyamaza kidogo, yeye kule, mimi huku,
tunalikwepa.