Kifungo cha Posta

Baba hakuwahi kuuliza dola ni shilingi ngapi.
Aliuliza: "Na huyu, alikufa lini?"
Maana sheria ya huko, Acidri alimwandikia,
haimpi rais sarafu hizi angali anapumua;
lazima kwanza afe, na udongo ukauke.
Baba aliusoma mstari huo mara mbili,
akatazama mlangoni, akaikunja barua,
akacheka kwa mabega tu.

Zilifika Arua mojamoja:
ndani ya soksi, ndani ya kopo la maziwa ya mtoto,
moja imebanwa kwa utepe nyuma ya picha ya harusi.
Kaka yangu hupanda treni kwenda kazini,
na mashine ya tiketi ilimtapikia chenji ya marais.
Wenzake walilalamika, nzito, zinatoboa mifuko.
Yeye alizisugua kwa shati aone leo kamwangukia nani.
Kisha wakaacha kuzimwaga mitaani.
Za mwisho amezinunua,
dola moja kwa zaidi ya dola moja.
Hilo Baba hajaambiwa.

Nilipeleka moja kwa Leku, mbadilisha fedha.
Akaigonga mezani, akanirudishia:
"Tunataka noti, tena mpya, isiyo na kovu.
Chuma hiki kampe mtoto achezee."
Baba alifurahi kuliko siku ya pensheni.
Chini ya kitanda chake kuna gunia
la noti zilizolala pesa zikaamka karatasi,
mwaka ule zilipokatwa sifuri mbili.
"Isiyonunua chumvi," alisema,
"haiwezi kuniibia."

Matundu arobaini, kadibodi ya sabuni, wembe.
Umeme ukienda, tunakagua kwa tochi ya simu.
Huyu alitawala siku thelathini na moja, basi;
nimempima kwa mizani ya simsim
dhidi ya yule wa miaka kumi na miwili:
mkono haukutikisika.
Huyu ana matundu mawili, alitoka, akarudi.
"Akarudi vipi?"
"Kwa kura, Baba."
"Na alipotoka, alienda wapi?"
"Nyumbani."
Akanyamaza.
Akaniomba nimmulike tena huyo.

Tundu moja lilibaki, safu ya tatu.
Miezi minane. Hakuvumilia.
Alikata kifungo cha koti lake la posta,
shaba, herufi zimelika kwa kidole gumba,
akakipachika katikati ya wakubwa.
"Huyu kauza stempu miaka thelathini," alisema,
"na hesabu yake haikupungua senti."
Wajukuu wakikariri majina kwa wimbo wa shule,
wakifika hapo hupiga kelele: Edema!
kisha huendelea na wanaofuata.

Jumanne ikaja bahasha. Wa arobaini.
Baba alikuwa amelala, miwani tumboni.
Niliishika kadibodi, ukucha ukingoni mwa kifungo,
nikaona nitamtoa mtu kazini bila barua.

Nikachukua kipande cha kitambaa cha bluu.
Nikamfunika rais, uso, shingo, hata mwaka
uliokimbilia ukingoni, nikakaza kwa uzi mara saba,
nikamshona kwenye koti, pale penye pengo.

Jumapili Baba alilivaa kwenda kanisani.
Kwenye sadaka alisimama,
akapapasa kifua,
akanitazama.
Upepo wa mlangoni haukumpata.