Mizani ya Ardis

Nje theluji imekaa juu ya magari kama unga uliomwagika.
Ndani, chini ya maktaba, viti vya chuma,
birika la kahawa linanguruma,
na Ardis Novotny, karani, mwaka wake wa kumi na tisa,
anaandika kila kitu, hata vikohozi.

Ajenda namba nne: visima.

Pa Houa Vang amekuja na chupa iliyokuwa ya achari.
Anaiweka mezani, mbele ya kipaza sauti.
Maji ndani yake yana rangi ya chai iliyosahauliwa.
"Mjukuu wangu aliogeshwa haya," anasema. Anaketi.

Diwani Delbert Krueger anakohoa.
(Ardis anaandika: anakohoa.)
Ndiyo, inasikitisha, asema, ila tuwe waadilifu:
juzi kijana fulani kamwagia rangi nyekundu
lori la kampuni ya maziwa,
lori jipya, halijamaliza hata mwezi.
Nikimpangia maneno yake, yanakaa hivi,
na yanakaa vizuri mno:

Huyu kachafua lori, yule kachafua maji,
Rangi, samadi, si siri, vyote ni uchafuaji,
Pande zote zina shari, sisi sote ni walaji,
Tuyamalize kwa heri, na tusonge, wanamji.

Umeona? Nane kwa nane, vina havikosi.
Lakini mizani ya silabi
siyo ile ya muuza nyama.
Lori lilioshwa Jumatatu, kwa sabuni na mpira wa maji,
saa moja na nusu; risiti ipo.
Kisima, nani atakisugua?

Ardis ana faili la kijani.
Miaka mitatu nyuma, mwezi Machi, ukurasa wa kumi na moja,
samadi ikijadiliwa, Krueger alisema:
"Shamba la mtu ni la mtu. Serikali isitie mguu."
Usiku huu, ajenda namba sita,
Halvorsen anataka kusimika paneli za jua kwenye ekari zake arobaini.
Krueger: "Shamba si la mtu peke yake. Ana majirani.
Serikali itie mguu."
Mguu ni uleule, kiatu tu.

Kubadili mawazo si dhambi.
Ardis mwenyewe aliacha sigara na kanisa katika mwaka mmoja.
Ila Krueger hasemi nimebadilika.
Anasema: "Ndivyo nilivyosema siku zote,"
na hilo *siku zote*
humuuma Ardis kwenye kifundo cha mkono anaoandikia.

Halafu Verna Lindquist,
ambaye Ardis humpigia kura,
aliyemfundisha mwanawe kusoma,
Verna aliyedai miaka yote mikono inyooshwe, watu waonekane,
leo, akijua hadharani atashindwa, aomba kura ya siri.

Kalamu ikasimama.
Mstari mmoja tu. Nani angejua?

Akauandika.
Na kabla wino haujakauka akamsikia Delbert kichwani:
si unaona, sote walewale.
Hapana, Delbert.
Ya Verna ni wakia moja, na imeandikwa wakia moja.
Anayedaiwa yai na anayedaiwa ng'ombe
wote ni wadaiwa;
kamwambie hivyo mwenye ng'ombe.

Saa tatu na dakika kumi. Suala la visima limeahirishwa hadi Januari
"ili pande zote zisikike."
Watu wanavaa makoti. Mtu anacheka kuhusu mpira.
Bwana wa usafi anainyanyua ile chupa, anaelekea sinki.

"Iache," Ardis anasema. Sauti yake haijulikani sana humu;
watatu wanageuka.
Anaipeleka kwenye mizani ya vifurushi, kando ya dirisha la vitabu vilivyorudishwa,
anasubiri tarakimu zitulie,
kisha anarudi mezani na kuongeza, chini ya vikohozi:

Kielelezo cha kwanza. Maji, chupa moja.
Ratili tatu kasoro robo, pamoja na kifuniko.
Upande wa pili haukuleta kitu cha kupimwa.