Herufi ya Kuazima

Baba alikuwa mchora vibao, Mabatini,
chini ya mawe yaliyokaa juu ya mawe
bila kumwomba mtu ruhusa.
Mimi nilishika kopo.
Nilijua kusoma kabla ya kuanza shule,
herufi zikiwa bado mbichi.

MSIKITI, alisema, lina I tatu:
waumini watatu wamesimama wima,
na S, mwenzao, ndiyo kwanza anarukuu.
Sheikh Idarusi alitaka kijani ya mafuta, isiyochuja.
Akatwambia ndani ya neno hilo mna sijida,
ila Kiswahili kimeitafuna hadi huioni.

HEKALU: nguzo mbili za H,
na mwishoni U, bakuli la kupokea.

GURDWARA lilizidi ubao.
Mzee Harbans akacheka ndani ya ndevu:
"Ni mlango tu, fundi, mlango wa mwalimu.
Mbao zikikuishia, chora mlango."
Herufi za kwao zilining'inia kwenye mstari
kama nyavu zinavyoanikwa Kirumba.

KIGANGO, cha katekista Petronila,
mimi nilidhani ni mahali pa kuganga.
Hakuna aliyenisahihisha, hadi leo.

Na kule Kayenze, nyuma ya nyumba ya bibi,
kijumba cha masamva, paa la nyasi, kimo cha goti.
Nikauliza mbona hakina kibao.
"Wanaokuja pale," baba akasema, "hawasomi."

Kisha ghala la samaki pale Igogo likapata wapangaji wapya.
Mchungaji Lufunga alikuwa na haraka, Jumapili inakuja,
na macho ya baba yalishaanza kuona ukungu mwaka ule,
ingawa hakumwambia mtu.
Nyeupe juu ya buluu, futi sita:
KANSA LA NEEMA.

Siku mbili lilikaa juu.
Watoto walilisoma kwa sauti wakitoka shule, wakaanguka kwa kicheko.
Mama mmoja alikuwa akiteremka kutoka Bugando,
bahasha ya majibu kwapani.
Akalitazama. Akakaa chini, pale pale, kwenye vumbi.

Jioni watu walijaa, wengine wanadai hela irudishwe,
na baba kimya, brashi mkononi, kama mtoto aliyevunja chungu.
Sheikh Idarusi akapenya katikati yao.
"Sisi tunazo tatu," akasema.
"Tuwaazime moja. Swala haitapungua."

Nikashika ngazi.
Baba akaibana ile I kati ya N na S,
nyembamba, imeinama kidogo,
kama mtu aliyechelewa ibada akasogezewa benchi.
Usiku wadudu wa ziwa wakaja, wingu zima,
wakanasa kwenye rangi mbichi.
Asubuhi I ilikuwa na mabawa.

Miaka mitatu baadaye, wodini, Bugando,
daktari alisema saratani, neno la adabu.
Baba akatabasamu.
"Litaje tu lile jingine, daktari. Mimi nimeliandika, tena kwa futi sita."

Petronila alikuja na rozari.
Mjukuu wa Harbans alileta chapati kwenye taulo, za moto bado.
Idarusi alikaa miguuni pa kitanda, midomo ikitembea.
Bibi hakuja. Aliketi Kayenze mbele ya kile kijumba,
akiita majina ya watu ambao hata baba hakuwajua.
Mchungaji Lufunga alishahamia Geita; alipiga simu.

Sikuuliza nani alikuwa anasikilizwa.
Alikufa Jumanne.

Sasa ghala lile linauza magodoro.
Jua limekula maandishi, buluu imebaki majivu,
K imekwenda, A zote zimekwenda, NEEMA imekwenda.
Ile I ipo. Ilipakwa nzito,
na ukisogea utaona vibawa, vikavu, ndani ya nyeupe.

Nikipita hapo husimama.
Mwenye duka hudhani nataka godoro,
hutoka na kunitajia bei.
Namwitikia tu. Ningemwambia nini,
nami mahali hapo
sijui hata nipaiteje.